Uwanja wa boche nyuma ya nyumba

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mambo yaliyo chini ya paa: jiko, vitanda vya watoto, masomo ya jioni, fedha za mwisho wa mwezi. Leo natoka kwa mlango wa nyuma. Nataka kuwaeleza habari ya kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 3, kilichonigharimu jasho la misimu miwili ya kiangazi, maneno kidogo na mke wangu, na aibu moja mbele ya baba yangu mzazi. Kipande hicho ni uwanja wa boche.

Labda wengine hamjapata kuusikia mchezo huo. Ni mchezo wa Waitaliani. Wao huliandika jina lake bocce, nasi twalitamka boche. Wachezaji hugawanyika pande mbili, na kila upande hupewa matufe manne. Tufe la mashindano ya kule lina upana wa sentimita 10 na milimita 7, na uzito wa gramu 920, yaani karibu kilo moja. Tena kuna tufe dogo sana, la sentimita 4 hivi, liitwalo palino. Palino hutupwa kwanza, nayo ndiyo shabaha. Mchezaji wa kwanza huifuatisha kwa tufe lake. Toka hapo zamu ni ya upande ulio mbali zaidi na palino, mpaka upande huo upate kukaribia kuliko mwenzake au umalize matufe yake. Mwisho huhesabiwa: kila tufe lililo karibu na palino kuliko tufe bora la wapinzani ni pointi moja. Katika mashindano ya namna ile iitwayo rafa, mwenye kufika pointi 12 ndiye mshindi. Mtoto wa miaka sita hujifunza sheria hizi kwa robo saa. Lakini kuutuliza mkono, hilo ni jambo la miaka.

Mimi niliujua mchezo huu katika shule ya misheni, kwa padri mmoja mzee Mwitaliano, ambaye kila alasiri ya Alhamisi alikunja mikono ya kanzu yake na kutushinda sisi sote. Wala si ajabu kwamba boche ilifika Katanga kwa njia hiyo. Mtakatifu Yohane Bosco, alipowakusanya vijana maskini wa Torino katika kiwanja cha Valdocco toka mwaka 1846, alikuwa na matufe ya boche pamoja na vitu vingine vichache vya kuchezea; yeye mwenyewe alivitaja katika kumbukumbu zake. Nao Wasalesiani wake walifika Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville, mwaka 1911.

Sasa nieleze kwa nini mwalimu mwenye watoto watano na mshahara usiotosha alianza kuchimba ua wake.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina ukuta alioupanga yeye. Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kushoto ukalegea, na mguu wa kushoto vilevile. Tulimleta kwetu. Tulimlisha vizuri, tukampeleka kwa waganga, tukamweka barazani penye kivuli. Lakini alikaa kimya akitazama ukuta wa jirani, mchana kutwa. Watoto wangu wanampenda babu yao. Hata hivyo baada ya miezi michache niliona kwamba wanampita kama wapitavyo kiti. Hakuna aliyekosa adabu. Hawakuwa na kitu cha kufanya pamoja naye, basi.

Hapo nikaikumbuka boche. Ni mchezo wa mkono mmoja. Hauhitaji kukimbia, wala kuruka, wala nguvu. Tufe likiviringishwa polepole lafika mahali palepale ambapo lingefika likitupwa na kijana. Jamaa za mchezo huu zimekuwa rafiki za wagonjwa tangu zamani. Petanki ya Wafaransa, ambayo wengi wetu huku tunaijua zaidi, ilianza kule La Ciotat, na shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1910. Husimuliwa kwamba ilibuniwa kwa ajili ya Jules Lenoir, mchezaji hodari ambaye baridi yabisi ilimzuia kukimbia hatua chache kabla ya kutupa, kama ilivyokuwa desturi. Rafiki yake akaona afadhali wote wasimame miguu pamoja. Na kuna boccia, yenye matufe laini ya ngozi, ambayo toka mwaka 1984 huchezwa katika Michezo ya Paralimpiki na watu walioketi katika viti vya magurudumu.

Mtaniuliza: kwa nini basi hukuchagua petanki, isiyohitaji uwanja wa kutengenezwa? Ni kweli, petanki huchezwa juu ya changarawe yoyote, na ndugu zetu wa Madagaska waliushinda ulimwengu kwayo mwaka 2016. Lakini tufe la petanki ni la chuma, tena hurushwa juu. Mtoto wangu mdogo ana miaka minne, naye hapendi kukaa mahali pamoja. Nilitaka tufe liende chini.

Mke wangu alipoambiwa vipimo, alitazama vitalu vyake vya lengalenga, akasema: “Baba Yosefu, tutakula matufe?” Swali hilo lilikuwa la haki. Uwanja wa mashindano katika Italia una urefu wa mita 26 na nusu, na upana wa mita 4 hadi 4 na nusu. Ua wetu wote haufikii hapo. Shirika la Special Olympics, linalowachezesha watu wenye ulemavu wa akili, lina uwanja wa mita 18 na sentimita 29 kwa mita 3 na sentimita 66. Hata huo ungemeza bustani. Huko Marekani, ambako Waitaliani waliohamia walikwenda na mchezo wao, watu wengi hutengeneza uwanja nyuma ya nyumba kwa kadiri ya nafasi waliyo nayo, wala hakuna polisi wa kuwazuia. Tukapatana: mita 15 kwa 3, kandokando ya ukuta. Vitalu viwili vikaondolewa. Mke wangu aliniambia atavidai siku moja, na kweli alividai, kama mtakavyoona.

Mwezi wa Agosti nilianza, na nilianza kama mpumbavu. Nililima majani, nikasawazisha udongo kwa jicho, nikaupiga kwa gogo, nikaweka mbao pembeni, nikatandaza mchanga mwembamba juu. Ulipendeza macho. Watoto walicheza juma la kwanza, na matufe yote yalikimbilia pembe moja. Nikasema, haidhuru, tutazoea. Katika Novemba mvua ikaja, ile mvua yetu ya Katanga isiyobisha hodi. Asubuhi uwanja ulikuwa ziwa. Mbao zililizuia maji lisitoke, na udongo chini ulikuwa umeshindiliwa sana usiweze kuyanywa. Siku ya tatu tukasikia vyura.

Baba alikuwa barazani. Tangu alipougua hakuwa amesema maneno matatu kwa mfululizo bila kuulizwa. Akasema: “Mwalimu, umejenga bakuli.”

Nilijibu kwamba nitaongeza mchanga. Akatikisa kichwa, akaomba kiti chake kisogezwe mpaka kwenye ukingo. Huko alikaa muda mrefu, akichokoachokoa matope kwa ncha ya fimbo, na jioni akaniambia niache mpaka kiangazi, kwa sababu mwashi hapigani na mvua ikiwa imekwisha kuingia.

Mwezi wa Mei tukaanza tena, naye ndiye aliyekuwa msimamizi. Nitawaeleza kazi ile kwa urefu kidogo, maana ndiyo niliyotaka kuandika tangu mwanzo. Mtu akiutazama uwanja wa boche aona sura ya juu tu, laini na nyeupe au nyekundu, naye adhani kazi iko pale. Sura ya juu ni unene wa sentimita 5. Kazi iko chini.

Kwanza pembe. Baba aliitisha kamba, akaniagiza nifunge mafundo kwa mita 3, mita 4 na mita 5, nikaivuta kwa vigingi vitatu, na pembe mraba ikawa tayari. Mimi niliyeifundisha kanuni ya Pythagoras ubaoni miaka kumi na miwili, sikuwa nimefikiri hata mara moja kuitoa nje ya darasa! Mwanangu mkubwa alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha usawa. Jicho hudanganya, hasa katika urefu wa mita 15, na ubao wa pima maji ni mfupi mno. Tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Maji katika ncha mbili za mpira husimama sawasawa daima, hata ncha moja ikiwa mbali na nyingine. Basi mtu mmoja hushika ncha yake penye kigingi cha kwanza, mwingine hutembea na ncha ya pili, na kila kigingi hutiwa alama palipo na maji. Tuligundua kwamba ua wetu, niliouona tambarare, huteremka sentimita 22 toka mwanzo hata mwisho. Ndiyo sababu matufe yalikuwa na pembe yao wanayoipenda.

Kisha kuchimba: sentimita 20 chini ya usawa ule. Hesabu yake ni rahisi, na nawasihi muifanye kabla hamjashika jembe. Mita 15 mara 3 mara sentimita 20 ni mita 9 za ujazo. Gari la mkono huchukua lita 60 hivi, yaani safari 150. Lakini udongo uliochimbwa huvimba, na sisi tulihesabu safari 183. Hapo mke wangu alidai haki yake. Udongo wote wa juu, ule mweusi, ulikwenda kuinua vitalu vyake vilivyobaki.

Chini ya shimo hatukupasawazisha. Baba aliagiza pateremke kidogo kwenda upande wa bustani, sentimita 3 katika upana wa mita 3. Katika upande huo tulichimba mfereji wenye kina cha sentimita 30 zaidi, tukaujaza mawe makubwa, na mdomo wake ukaelekezwa kwenye lengalenga. Juu ya sakafu ile tukaweka sentimita 10 za mawe na matofali ya kuchoma yaliyovunjwa, makubwa kama ngumi. Juu yake sentimita 5 za kokoto ndogo. Mawe makubwa huacha nafasi katikati yao, na maji hushuka upesi. Kokoto huziba midomo ya nafasi zile, udongo wa juu usije ukaanguka ndani na kuacha mashimo. Ukiruka tabaka la katikati, uwanja wako utakuwa mzuri mwaka mmoja, kisha utaanza kuzama kidogokidogo kama mdomo wa mzee asiye na meno. Kila tabaka lilishindiliwa peke yake kabla ya lile lililofuata. Mawe yalikuwa mita 4 na nusu za ujazo. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya kazi nzima, na zaidi kuliko mawe ni nauli ya gari lililoyaleta. Matofali mabovu tulipewa bure na watu waliomkumbuka baba.

Sasa sura ya juu. Katika Italia walikuwa wakitumia udongo ulioshindiliwa, ingawa siku hizi vyama vingi huchezea katika majumba yenye sakafu ya kutengenezwa kiwandani. Waamerika wa pwani husaga kaka za chaza. Wengine hutumia vumbi la mawe. Sisi wa Lubumbashi hatuna chaza, lakini Mungu ametupa vichuguu. Udongo wa kichuguu ndio uliofanya matofali ya mji huu, nao umetumika kwa viwanja vya tenisi katika nchi nyingi za Afrika. Tuliuponda, tukaupitisha katika chekecheke, tukauchanganya ndoo mbili kwa ndoo moja ya mchanga mwembamba, kwa kuwa udongo mtupu hupasuka ukikauka na hunata ukilowa. Tukautandaza, tukaunyunyizia maji kwa kopo lenye matundu, tukauviringishia pipa lililojazwa simenti. Siku ya kwanza tuliharakisha: udongo ulikuwa bado mbichi, ukalishika pipa na kung'oka vipande vipande kama ugali. Yafaa kungoja mpaka kiganja kikiugusa kisichafuke.

Pembeni Waitaliani huweka mbao zenye kimo cha sentimita 25 hivi. Huku mchwa wangezila kabla ya Krismasi. Kuna watu huzipaka mafuta machafu ya gari, nami nilikuwa nimekwisha kuyapata, lakini mke wangu aliuliza mvua itayapeleka wapi mafuta yale. Nikautazama mfereji wangu unaoishia katika lengalenga, nikayarudisha. Tulijenga ukuta mfupi wa matofali, na kwenye ncha mbili tukafunga vipande vya magurudumu makuukuu ya gari, tufe lisipasuke na lisirudi kwa nguvu.

Kuhusu matufe nitasema machache. Yale ya kununuliwa ni ghali. Fundi mmoja alitukerezea ya mti wa mulombwa, upana wa sentimita 11, manne tukayachora mistari. Ni mepesi kuliko yale ya kweli. Mawili yalipasuka katika upepo mkavu wa Julai, tukakereza mengine, na toka hapo tunayapaka mafuta kila mwezi. Kwa Waitaliani pia, zamani, yalikuwa ya mti.

Nisisahau kuwaonya juu ya jambo moja. Ukiwa na mita 45 za mraba zilizo sawa kabisa, ngumu, na kavu, akina mama wa mtaa wote wataziona. Juma la pili jirani alikuja kwa heshima kuomba mahali pa kuanika mihogo. Ungemkataliaje? Sasa Jumatano ni siku ya mihogo, na Alhamisi asubuhi watoto hufagia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, katikati ya Oktoba. Sikulala. Kulipopambazuka nilimkuta baba amekwisha kuketi ukingoni. Sijui ni nani aliyemsaidia kutoka kitandani, na watoto hawakukiri. Uwanja ulikuwa umelowa lakini haukuwa na dimbwi hata moja, na katika mdomo wa mfereji maji yalitiririka kwenda bustanini, membamba kama kidole. Baba alibonyeza udongo kwa kidole gumba, akakitazama, akasema tungoje jua la saa nne. Saa tano tulicheza.

Yeye hutupa akiwa ameketi. Tunaweka kiti chake mwanzo wa uwanja, Yosefu hukishikilia kwa nyuma, na binti yangu wa miaka tisa humpa matufe moja moja katika mkono wa kuume. Mwanzoni alitupa mafupi, akakasirika, akatukataza kumhurumia. Sasa ana ufundi ambao mimi sina: hupiga ukuta wa pembeni kwanza, tufe likageuka na kulala karibu na palino kama paka. Alikwisha kuusoma ukuta ule, maana kila tofali lake alilichagua yeye. Watoto hugombania kuwa upande wake. Husema nao sana, na mara nyingi huwagombeza.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mchezo ulifika pointi 11 kwa 11. Siku hiyo binti yangu alicheza upande wangu, dhidi ya babu yake. Yalibaki matufe mawili karibu na palino, la mzee na la mjukuu, na kwa macho yalikuwa sawasawa. Nikaleta utepe. La mtoto lilikuwa mbele kwa upana wa ukucha. Baba aliutazama utepe, akanitazama mimi, akanyosha fimbo yake mpaka chini.

“Mwalimu,” akasema, “pima tena.”